Mwenye Mali Yuko Wapi?

Vitabu vinavyosema kwamba viongozi ni wezi ni vingi, na kuviandika si kazi kubwa. Kitabu kinachomgeukia mpiga kura na kumwuliza alikuwa wapi mali yake ilipokuwa ikiibiwa ni nadra kukipata, na kukisoma hakuna raha nyingi. Kimoja cha namna hiyo ni Mwakilishi wa Watu, cha Chinua Achebe wa Nigeria. Kilitolewa kwa Kiingereza mwezi wa Januari, 1966, kwa jina la A Man of the People, kikaja kufasiriwa kwa Kiswahili baadaye. Nimesikia wanafunzi wengi wakikisifu kwa kuwa kinawafichua wanasiasa wala rushwa. Sifa hiyo kinaistahili, lakini msomaji akiishia hapo atakuwa amekula maganda akaliacha tunda.

Nchi ya hadithi hii haitajwi jina. Tunaambiwa tu kwamba mji wake mkuu ni Bori, kwamba imepata uhuru si zamani, na kwamba inatawaliwa na chama kiitwacho P.O.P. Msimulizi ni kijana Odili Samalu, mwalimu wa shule ya sekondari katika kijiji cha Anata. Siku moja shule yake yatembelewa na Chifu Nanga, Waziri wa Utamaduni, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa Odili mwenyewe. Waziri anamtambua mwanafunzi wake, anamkumbatia mbele ya watu, anamwalika aje akae kwake mjini. Odili, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akimdharau moyoni, anajikuta amefurahi. Nasi tunaosoma twafurahi pamoja naye. Hapo Achebe amekwisha kututega.

Maana Nanga apendeza. Huo ndio ufundi wa kitabu hiki, na ndiyo sababu hakifanani na hotuba. Nanga hana elimu kubwa, na ingawa ni Waziri wa Utamaduni, mwandishi mashuhuri wa nchi yake hamjui hata kwa jina la kitabu chake. Lakini anajua kucheka na watu, anajua kusema nao ile lugha yao ya sokoni, na mkono wake haukunjwi anapoombwa. Odili na rafiki zake wana Kiingereza cha vitabuni na fikira safi; Nanga ana watu. Angalia jinsi alivyoupata uwaziri. Bei ya kahawa imeanguka katika soko la dunia. Waziri wa Fedha, Dakta Makinde, mtu aliyeyasomea hasa mambo hayo, anashauri serikali ipunguze bei inayowalipa wakulima. Msomaji aliyelelewa katika nyumba ya mkulima wa kahawa, Nyeri au Kisii, hahitaji kuelezwa ushauri kama huo una uchungu gani. Waziri Mkuu anakataa, kwa kuwa uchaguzi u karibu, na anaiagiza Benki ya Taifa ichapishe pauni milioni 15. Mawaziri waliomwunga mkono Makinde wanafukuzwa na kuitwa wasaliti. Wakati huo Nanga ni mbunge wa viti vya nyuma tu, lakini siku hiyo Bungeni hakuna anayewazomea waliofukuzwa kwa sauti kubwa kuliko yake. Viti vikagawanywa upya, naye akapata kimoja. Aliupata uwaziri kwa koo.

Kisa kingine kinastahili kutajwa, kwa kuwa ndani yake kupooza kwa nchi kunaonekana katika kikombe kimoja. Serikali inawahimiza wananchi watumie vitu vinavyotengenezwa nchini mwao. Chifu Koko, waziri mwenzake Nanga, anapiga funda la kahawa asubuhi nyumbani kwake, na mara anaruka akilia kwamba ametiliwa sumu. Watu wanakimbizana, mpishi anashikwa. Mpishi anaeleza kwamba ile kahawa ya kigeni aliyoizoea bwana wake ilikuwa imekwisha, basi akampikia kahawa ya nchini. Waziri hakuitambua ladha ya kahawa ya nchi yake. Alidhani ni kifo. Achebe anakipita kisa hiki bila kukihubiria, nami nitafanya kama yeye.

Sasa natuje kwenye jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, nalo kwa maoni yangu ndilo ufunguo wa kitabu kizima. Pale Anata, karibu na shule, yuko mwenye duka na kilabu cha pombe aitwaye Josiah. Yuko pia kipofu mwombaji, Azoge. Siku moja Josiah anamwita Azoge, anamlisha, na wakati kipofu anapokula, anamwondolea fimbo yake ya siku zote na kumwekea nyingine mpya mahali pake. Azoge anapapasa, anagundua, anapiga kelele. Watu wanakusanyika. Mara moja wanaelewa, au wanadhani wameelewa: Josiah ameitaka fimbo ya kipofu aifanyie dawa, ili wanunuzi wake nao wawe vipofu, wanunue chochote atakachowauzia. Hapakuwa na mashtaka wala askari. Kilichofuata ni kwamba hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, aliyekwenda tena dukani kwa Josiah. Hata abiria wa malori waliosimama kidogo sokoni walionywa. Mwezi haukuisha, duka likafungwa. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na Josiah aliusikia.

Seremala mmoja wa kijijini, Timothy, anatoa hukumu ambayo Odili hawezi kuisahau. Anasema kwamba Josiah sasa amechukua kiasi cha kumfanya hata mwenye mali aone. Maneno hayo Odili anayatafuna siku nyingi. Mwenye mali ni nani? Katika kisa cha fimbo ni kipofu, lakini ni zaidi ya kipofu: ni kijiji kizima, kilichoona kwamba kilichoguswa ni chake. Haya, watu hao hao wa Anata ndio wanaompokea Nanga kwa ngoma na bunduki za heshima. Wanajua kwamba anakula rushwa. Wanajua kwamba barabara ile anayotaka itiwe lami kabla ya uchaguzi itapitwa na mabasi yake mwenyewe 10 aliyoyaagiza kwa mkopo. Mbona duka lake Nanga halifungwi?

Jibu la Achebe, kama nimemwelewa, ni kwamba fimbo ya Azoge ina mwenyewe, na kila mtu aliona mikono yake ikiitafuta. Pauni milioni 15 hazina mtu wa kuzitafuta kwa mikono. Kijijini mwizi ana mpaka, maana anaiba kwa watu. Serikalini anaiba kwa jina tu, nalo jina hilo, taifa, lilikuwa bado geni, limeletwa na wageni, limeachwa na wageni, na hakuna aliyelisikia likilia. Hapo ndipo ilipo huzuni ya kitabu hiki. Watu wake si waovu. Wanayo dhamiri kali kuliko ya mahakama, lakini dhamiri hiyo inafika mwisho wa njia ya kijiji na kusimama.

Mkutano wa Urua unathibitisha haya. Urua ni kijiji cha kina Odili. Odili amejiunga na chama kipya, C.P.C., kilichoanzishwa na rafiki yake mwanasheria, Max, na sasa Max amekuja kuwahutubia watu katika ua wa baba yake Odili. Anasema vizuri. Anavitaja vyama viwili vikubwa, P.O.P. na P.A.P., na kuvifananisha na tai wawili wanaopigania mzoga wa mnyama aliyeuawa na mwindaji usiku. Na mwindaji, anawaambia, ni nyinyi wananchi. Kwenye mkutano yuko askari polisi mstaafu ambaye alifungwa jela kwa kula rushwa. Huyo anamkatiza msemaji: tai walikuwa watatu, na wa tatu, aliye mdogo kuliko wote, anaitwa C.P.C. Watu wanacheka. Kisha mkutano unaeleza msimamo wake bila haya. Wanajua kwamba wakubwa wanakula. Lakini na wao wanaonjeshwa kidogo, wameahidiwa maji ya bomba na umeme, vitu ambavyo baba zao hawakuviona. Tena watu wa Anata wamekwisha kula vya kutosha kwa mkono wa Nanga. Sasa wasogee, Urua nao waifikie sahani kwa mkono wa mwana wao Odili. Hapa kwetu Kenya msemo huo hauhitaji mfasiri: kila msimu wa kura twasikia kwamba ni zamu yetu kula.

Wako wasemao kwamba raia hupiga kura vibaya kwa kuwa hawajui. Basi wakifundishwa watabadilika, na magazeti yakisema kweli nchi itapona. Achebe anaibomoa imani hiyo kwa mkutano mmoja tu. Watu wa Urua wanajua kila kitu. Aliyedanganywa akiambiwa kweli aweza kugeuka. Lakini mtu aijuaye kweli na kuicheka, umwambie nini? Kicheko chao kinafanana na busara, na pengine kwa mtu mmoja mmoja ni busara hasa, maana kimemkinga na uchungu wa kudanganywa mara ya pili. Ila kicheko hicho hicho ndicho godoro analolalia Nanga.

Wala usidhani kwamba askari yule mstaafu alikosea juu ya tai wa tatu. Max alikuwa amepokea pauni 1,000 za Chifu Koko ili asisimame dhidi yake, akatia sahihi, na hakukusudia kuitimiza ahadi. Alijitetea kwamba karatasi ile haina nguvu ya sheria, na kwamba chama kilihitaji fedha za kupigania uchaguzi. Odili alikataa pauni 250 za Nanga, na akaudhika na rafiki yake. Lakini Odili naye, mtu safi wetu, aliingia katika siasa kwa sababu Nanga alimchukulia rafiki yake msichana, Elsie, akaapa kulipiza kwa kumnyang'anya Nanga mchumba wake, Edna. Anakiri mwenyewe kwamba hajui kisasi kimeishia wapi na kuipenda nchi kumeanzia wapi. Na karibu na mwisho wa kitabu, katika sentensi moja iliyosemwa kama jambo la nyumbani tu, anatueleza kwamba fedha za kulipia mahari ya Edna atazikopa katika fedha za C.P.C. zilizobaki mikononi mwake, kwa kuwa hazielekei kuhitajiwa karibuni. Wanafunzi wangu wengi hawakuiona sentensi hiyo mara ya kwanza. Hata mimi sikuiona. Tulikuwa tumempenda msimulizi kama watu wa Anata walivyompenda Nanga, tukamwachia sanduku la fedha.

Kitabu hiki kina kasoro zake. Edna amechorwa kwa kalamu nyepesi mno. Anasukumwa huku na huku kati ya baba yake, Nanga na Odili, na sauti yake mwenyewe twaisikia mara chache. Kasoro kubwa zaidi iko mwishoni. Siku ya uchaguzi Max anagongwa na gari la watu wa Koko na kufa. Mchumba wake, Eunice, anatoa bastola na kumpiga Koko risasi. Yale magenge ya vijana ambayo wanasiasa waliyalisha kwa ajili ya kampeni yanakataa kwenda nyumbani, fujo inaenea, na jeshi linatwaa nchi. Yote hayo yanapita upesi kama maji ya mvua katika mfereji. Kwa haki ya mwandishi, msimulizi anasisitiza kwamba si wananchi walioiangusha serikali. Siku ya pili yake wote wanatikisa vichwa wakiulaani utawala uliopita, magazeti, redio na vyuo, na wengi wa wanaolaani ni wale wale waliokuwa wakishangilia juzi. Haya ni kweli na yameandikwa kwa kalamu kali. Lakini juu ya askari wenyewe Achebe hasemi neno la maana. Anawafungulia mlango na kufunga kitabu, nasi hatuulizwi kama na hao ni tai.

Tarehe 15 Januari, 1966, mwezi ule ule kitabu kilipotoka, maofisa wa jeshi walijaribu kuipindua serikali ya Nigeria iliyokuwa huru tangu 1960. Waziri Mkuu, Abubakar Tafawa Balewa, aliuawa, pamoja na waziri wake wa fedha na viongozi wa majimbo ya Kaskazini na Magharibi, na utawala ukaishia mikononi mwa jeshi. Watu walistaajabu, wakamwita Achebe nabii. Mimi naona alikuwa mtu mwenye macho tu. Uchaguzi wa 1964 ulikuwa umesusiwa sehemu nyingi, na ule wa Jimbo la Magharibi wa Oktoba, 1965, ulifuatwa na moto na mauaji. Aliyetaka kuona angeona. Asichokiona yeye, wala wengi waliopiga vigelegele mwezi ule, ni kilichokuwa kikija nyuma ya askari: mapinduzi ya pili mwezi wa Julai mwaka ule ule, kisha vita vya Biafra tangu 1967 hata 1970. Jeshi lilitawala mpaka 1979, likarudi mwisho wa 1983, lisiiache nchi mikononi mwa raia hata 1999. Msomaji wa leo afikapo ukurasa wa mwisho hawezi kupumua kwa faraja kama aliyepumua msomaji wa Januari, 1966.

Mwaka 1983 Achebe alirudia jambo hili katika kitabu kidogo cha makala kiitwacho The Trouble with Nigeria. Humo alisema wazi kwamba shida ya Nigeria ni kushindwa kwa uongozi, basi. Namheshimu sana Achebe, lakini katika jambo hili riwaya yake ina akili kuliko makala yake. Makala inamwondolea msomaji lawama na kuwatwika viongozi peke yao. Riwaya inaigawa lawama kwa kila aliyekuwa kwenye ua ule wa Urua, na kipande kinamfikia hata msimulizi.

Nami nasoma kitabu hiki nikikumbuka uchaguzi wa Rais uliofanywa Nigeria mwezi wa Februari, 2023. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 93. Waliopiga kura walikuwa kama 27 tu katika kila 100. Sababu zilikuwa nyingi: noti zilikuwa adimu, vituo vingine vilichelewa kufunguliwa, mahali pengine watu waliogopa. Lakini sababu moja haikuwa ya siku ile. Vyama viwili vikubwa vilikuwa vimepokezana nchi, P.D.P. tangu 1999 hata 2015 na A.P.C. baada yake, na wanasiasa wengi walikuwa wamehama kutoka hiki kwenda kile na kurudi, kama watu wanaobadili kiti kivulini. Vijana wengi wa mijini walimfuata mgombea wa chama kidogo, Peter Obi, naye akaongoza Lagos na Abuja ingawa alikuwa wa tatu nchini. Wengi zaidi walibaki nyumbani. Aliyetangazwa mshindi hakufikisha kura milioni 9. Yaani katika kila watu 10 walioandikishwa, hakupata hata mmoja kamili.

Msomaji aweza kusema: hicho si kile kimya cha Anata? Watu wamekataa kununua, na duka litafungwa. Hapana. Josiah aliangamia kwa kuwa aliishi kwa senti za wanunuzi. Walipokosekana hakuwa na kitu. Mwanasiasa hahitaji wanunuzi wote. Anahitaji kuwapita wenzake kwa wale waliokuja, na kadiri wanavyokuja wachache ndivyo gharama yake inavyopungua. Mwananchi aliyechoka akakaa nyumbani anadhani amemnyima Nanga kitu, kumbe amempunguzia hesabu. Jambo hili Achebe hakuliandika; katika riwaya yake watu wanakuja mkutanoni na kucheka. Huenda wasiokuja kabisa ni wajukuu wa wale waliocheka.

Namaliza na Hezekiah Samalu, baba yake Odili, ambaye wanafunzi huandika juu yake mistari miwili tu. Ni mzee mkali, mwenye wake wengi, na kwa siasa ni mtu wa P.O.P. Mwanawe alipotaka kuzindua C.P.C. nyumbani kwake hakuafiki, lakini hakumfungia mlango. Malipo yakaja. Alitozwa kodi juu ya kodi aliyokwisha kulipa. Mabomba ya maji yaliyokuwa yameletwa Urua yakapakiwa tena katika malori na kuondolewa. Mpiga mbiu akapita kutangaza kwamba kijiji kinamwunga mkono Nanga. Ndipo diwani akaja na karatasi: mzee atie sahihi kwamba mkutano ule ulifanywa uani mwake bila yeye kujua, naye atarudishiwa fedha zake. Mzee hakuwa na imani na chama cha mwanawe, wala hakuwa na hamu ya kuokoa taifa. Alisema tu kwamba aliwapokea wale vijana nyumbani kwake, na mtu mwenye heshima hasimami leo kukana alilolifanya jana. Karatasi ikaondoka bila sahihi.